Je, Wajua? Ligi Kuu za Raga na Watu wa Mashamba Waliozijenga

Ukitaja ligi kuu hapa Iyula, utaulizwa habari za Simba na Yanga. Lakini upo mpira mwingine, wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi na kupasiwa kwa nyuma. Ligi zake kuu zimejengwa na watu ambao mkulima wa Mbozi angewaelewa upesi: wachimba makaa ya mawe, vijana wa maeneo ya miwa, wanafunzi na wakulima wa kahawa. Tuanze na mchezo wenyewe, kisha tuzunguke Kenya, Uganda na Zambia, twende hadi Australia na Papua New Guinea.

MCHEZO WENYEWE

1. Je, wajua kwamba raga ina koo mbili? Ipo ya wachezaji 15 kila upande, ndiyo inayochezwa zaidi Afrika Mashariki. Ipo ya wachezaji 13, inayotawala mashariki mwa Australia, kaskazini mwa Uingereza na Papua New Guinea. Ile ya wachezaji saba, inayochezwa kwenye Olimpiki, imetoka kwenye ukoo wa 15.

2. Bao kubwa la raga ni mguso: mchezaji hubeba mpira hadi nyuma ya mstari wa goli la wapinzani na kuugusisha ardhini. Kwenye raga ya 15 mguso una pointi 5, kwenye raga ya 13 una pointi 4. Baada ya mguso, timu hupewa mkwaju wa kupitisha mpira juu ya mwamba wa goli kwa pointi 2 zaidi.

3. Kwenye raga ya 13, timu yenye mpira hukabwa na kuangushwa mara sita tu. Mara ya sita ikifika bila bao, mpira unakwenda kwa wapinzani. Zamani hakukuwa na kikomo, na timu moja iliweza kushikilia mpira muda mrefu mno. Kikomo cha mara nne kilianza miaka ya 1960, kikapandishwa hadi sita mwanzoni mwa miaka ya 1970.

4. Kwenye raga ya 15, wachezaji wanane wa kila upande huinama, wakashikana mabega na kusukumana. Hiyo ndiyo skramu. Kundi la wanane wa kiwango cha kimataifa hufikia uzito wa kilo 900 hivi. Kimondo chetu cha Mbozi, pale Marengi, hukadiriwa kuwa na tani 16, yaani karibu skramu tisa kamili za pande zote mbili zikilundikwa mahali pamoja!

KENYA CUP: LIGI KUU YA JIRANI

5. Ligi kuu ya raga ya Kenya inaitwa Kenya Cup. Ilianza mwaka 1970, mwaka ambao chama cha raga cha nchi hiyo kiliundwa. Jina linasema kombe, lakini ni ligi hasa: timu hucheza msimu mzima, kisha zilizo juu huingia kwenye mchujo, nusu fainali na fainali.

6. Klabu ya Nondescripts ya Nairobi iliundwa mwaka 1923. Kenya Cup ilipoanza, klabu hiyo ilikuwa na umri wa karibu nusu karne, na ndiyo iliyokuja kuchukua ubingwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika karne ya 20. Wakati huo klabu kongwe za Nairobi, zikiwemo Kenya Harlequin na Impala, ndizo zilizotamba.

7. Klabu hizo kongwe zilizaliwa enzi za ukoloni, na wachezaji wake walikuwa zaidi walowezi na watumishi wa serikali ya Kiingereza. Mwaka 1977 wachezaji Waafrika waliunda klabu yao Nairobi na kuipa jina la Kiswahili: Mwamba. Baada ya hapo kijana wa Kiafrika hakuhitaji tena kubisha hodi kwenye klabu ya wengine ili acheze ligi kuu.

8. Mwaka huohuo wa 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia kwenye ligi kwa jina la Mean Machine, wakabeba ubingwa katika msimu wao wa kwanza. Walisoma mchana, wakafanya mazoezi jioni, na mwisho wa msimu kombe likaenda chuoni.

9. Vyuo bado ni uti wa mgongo wa raga ya Kenya. Strathmore Leos ni ya Chuo Kikuu cha Strathmore, na Blak Blad ni ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichoko Kakamega, nacho kimewahi kupeleka timu ligi kuu.

10. Mwaka 2013 ubingwa ulikwenda Nakuru, mji wa Bonde la Ufa, na Nakuru wakautetea mwaka 2014. Waliodhani kwamba kombe ni mali ya Nairobi ilibidi wafikiri upya.

11. Sikiliza hili, mkulima wa Iyula. Kabras ni eneo la miwa katika Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Kiwanda cha sukari cha huko kilidhamini timu ya raga, na mwaka 2016 Kabras Sugar wakawa mabingwa wa Kenya Cup. Vijana kutoka eneo la miwa waliwapita mabenki, vyuo na klabu kongwe za jiji. Wakaja kurudia ubingwa huo mwaka 2022 na 2023.

12. Katikati ya hapo palikuwa na KCB, timu ya benki yenye makao Ruaraka, Nairobi. Ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo: 2017, 2018 na 2019. Msimu wa 2020 ulikatishwa kwa sababu ya Uviko-19. Kwa miaka kadhaa Kenya Cup ikawa vita ya sukari na benki, na mashabiki wa Kakamega waliujaza uwanja wao wa maonyesho ya kilimo, ambako ndiko Kabras huchezea.

13. Kutoka Mwamba alitokea Collins Injera. Mwaka 2016 alikuwa mfungaji wa miguso mingi kuliko wote katika historia ya mfululizo wa dunia wa raga ya wachezaji saba, akampita Muargentina aliyekuwa akishikilia rekodi hiyo. Kabla ya hapo, Aprili mwaka huo, Kenya iliifunga Fiji pointi 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore chini ya kocha Benjamin Ayimba. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Kenya kwenye mfululizo huo, na wengi wa vijana wale walikuwa wamelelewa na klabu za Kenya Cup.

14. Kina dada nao wamo. Timu ya wanawake ya Kenya, Lionesses, ilicheza raga ya saba kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ikarudi kwenye ile ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021.

AFRIKA MASHARIKI NA JIRANI ZA TUNDUMA

15. Mwaka 1953 Kenya, Uganda na Tanganyika ziliungana chini ya chama kimoja cha raga cha Afrika Mashariki. Uwanja wake mkuu uko barabara ya Ngong, Nairobi, na hadi leo unabeba jina la chama hicho. Miaka miwili baadaye, timu maarufu ya Lions, inayokusanya nyota wa Uingereza na Ireland, ilicheza Nairobi na kuifunga Afrika Mashariki 39 kwa 12. Waliporudi mwaka 1962 walishinda 50 kwa 0.

16. Kombe la Enterprise, mojawapo ya makombe ya zamani kabisa ya raga Afrika Mashariki, limechukua jina la meli ya kivita ya Uingereza, HMS Enterprise. Meli ilishaondoka katika bahari yetu, lakini jina lake bado linashindaniwa nchi kavu.

17. Kenya na Uganda hugombea Kombe la Elgon, lililopewa jina la mlima ulio mpakani mwao. Lilianza mwaka 2004. Kwa kawaida huchezwa nyumbani na ugenini, na mpaka unageuka uwanja wa utani wa majirani badala ya ukuta.

18. Uganda ina ligi yake kuu, na majina yake makubwa ni Heathens, Kobs na Pirates za Kampala. Mwaka 2007 timu ya taifa ya Uganda ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuifunga Madagaska ugenini, Antananarivo. Taifa lisilo na viwanja vya kifahari likawa bingwa wa bara!

19. Vuka mpaka pale Tunduma, uko Nakonde, Zambia. Nchi hiyo imecheza raga kwa miongo mingi, hasa kwenye miji ya migodi ya shaba kama Kitwe, Mufulira na Luanshya. Klabu ya Roan Antelope ya Luanshya iliwahi kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwa na nguzo za goli ndefu kuliko zote duniani, zaidi ya mita 33. Wenye migodi walijua kusimamisha vyuma.

20. George Gregan, aliyeichezea Australia mechi 139 za kimataifa na kuwa nahodha wake, alizaliwa Lusaka mwaka 1973. Corné Krige, aliyekuwa nahodha wa Afrika Kusini, naye alizaliwa Lusaka, mwaka 1975. Manahodha wawili wa mataifa makubwa ya raga walizaliwa katika nchi iliyo ng'ambo ya kizuizi chetu cha forodha.

21. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita Mlowo, Vwawa na Tunduma, kisha inaelekea upande ule wa migodi. Hapa nchini raga imeshika mizizi zaidi Arusha, Moshi na Dar es Salaam. Ukanda wetu uko katikati ya maeneo mawili ya raga, na njia ya chuma tayari inatuunganisha na yote mawili.

22. Je, unakumbuka Tukuyu Stars? Mwaka 1986, Mbozi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, timu hiyo ya Rungwe, nchi ya chai na migomba, ilichukua ubingwa wa soka wa Tanzania Bara mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Waliyoyafanya Kabras mwaka 2016 kwenye raga, Tukuyu Stars waliyafanya miaka 30 kabla yao kwenye soka.

LIGI ILIYOZALIWA NA UJIRA WA JUMAMOSI

23. Raga ya wachezaji 13 ilizaliwa na ugomvi wa haki. Kaskazini mwa Uingereza, wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na aliyekwenda kucheza alikatwa ujira. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kuwafidia. Mwaka 1893 wakuu wa raga walipiga kura, wakakataa kwa kura 282 dhidi ya 136.

24. Tarehe 29 Agosti 1895, klabu za kaskazini zilikutana katika hoteli ya George, mjini Huddersfield, zikajitoa. Klabu 22 zikaunda chama chao. Fidia waliyoiruhusu kwa mchezaji aliyekosa kazi ilikuwa shilingi 6 kwa siku. Ligi inayotazamwa leo na mamilioni ya watu chimbuko lake ni shilingi hizo 6.

25. Mwaka 1898 chama hicho kiliruhusu wachezaji walipwe waziwazi, lakini kwa sharti kali: kila mchezaji lazima awe na kazi nyingine halali. Mpira ulikuwa nyongeza ya jembe, haukuwa mbadala wake.

26. Bingwa wa kwanza wa mashindano ya chama hicho, msimu wa 1895–96, alikuwa Manningham ya mjini Bradford. Miaka michache baadaye klabu ilikabwa na madeni, na mwaka 1903 ikahamia soka kwa jina la Bradford City. Mwaka 1911 Bradford City ikashinda Kombe la FA. Klabu moja, michezo miwili, na heshima kubwa kila upande.

27. Idadi ya 13 ilikuja mwaka 1906. Wachezaji wawili walipunguzwa kila upande ili pawe na nafasi ya kukimbia na mchezo upate kasi. Klabu zilijua kwamba mfanyakazi aliyelipa kiingilio chake cha Jumamosi alitaka kuona mbio na miguso.

28. Raga ya wachezaji 15 iliendelea kukataza malipo kwa karibu miaka 100. Iliruhusu rasmi wachezaji kulipwa mwezi Agosti 1995. Klabu zilizokutana Huddersfield zilikuwa zimeshakubali kuwafidia wachezaji wao Agosti 1895.

AUSTRALIA: LIGI KUBWA KULIKO ZOTE

29. Albert Baskerville alikuwa karani wa posta mjini Wellington, New Zealand. Mwaka 1907 alikusanya wachezaji wa nchi yake, akawapeleka Uingereza kucheza na klabu za kaskazini. Wakiwa njiani walipita Sydney na kuamsha vuguvugu la kuanzisha ligi huko. Baskerville alifariki kwa nimonia mwaka 1908 akiwa na miaka 25 tu, kabla safari haijafika nyumbani. Ligi aliyochangia kuizaa bado ipo.

30. Ligi ya Sydney ilianza mwaka 1908, na bingwa wa kwanza alikuwa South Sydney. Kati ya klabu za mwaka ule, ni moja tu ambayo imecheza kila msimu hadi leo: Eastern Suburbs, ambayo siku hizi inaitwa Sydney Roosters.

31. St George ya Sydney ilichukua ubingwa mara 11 mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1966. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kombe la kwanza alifikisha miaka kumi bila kumjua bingwa mwingine.

32. Katikati ya miaka ya 1990 matajiri wa televisheni waligombania haki za kuonyesha mchezo huo, na mwaka 1997 Australia ikawa na ligi mbili zinazoshindana. Mashabiki walichoka, klabu zikafilisika. Mwaka 1998 pande zote zikaungana na kuunda NRL, ligi ya sasa. Bingwa wake wa kwanza alikuwa Brisbane Broncos.

33. Baada ya muungano, ligi ilitaka kupunguza timu. South Sydney, bingwa yuleyule wa kwanza wa 1908, akaondolewa kwa misimu ya 2000 na 2001. Mashabiki waliandamana kwa makumi ya maelfu katika mitaa ya Sydney, wakaenda mahakamani, wakachangishana fedha. Mwaka 2002 klabu ilirudishwa. Mwaka 2014 ikachukua ubingwa wake wa kwanza tangu 1971.

34. Fainali ya NRL ya mwaka 1999 ilitazamwa uwanjani na watu 107,999. Melbourne Storm iliifunga St George Illawarra 20 kwa 18. Storm ilikuwa na misimu miwili tu ya ligi!

35. Ligi ya wanawake ya NRL ilianza mwaka 2018 na timu nne tu. Hawakungoja timu zitimie kumi ndipo waanze.

WALIOFUNGIWA MILANGO WAKAINGIA

36. Ufaransa ilianza ligi ya wachezaji 13 mwaka 1934, ikapendwa haraka. Mwaka 1941, chini ya utawala wa Vichy ulioshirikiana na Ujerumani, mchezo huo ulipigwa marufuku na mali za chama chake zikachukuliwa. Baada ya vita mchezo uliruhusiwa, lakini ukanyimwa haki ya kujiita raga hadi miaka ya 1990.

37. Billy Boston, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, alizaliwa bandarini Cardiff, Wales. Akiichezea Wigan alifunga miguso 478. Mwaka 2025, akiwa na zaidi ya miaka 90, akawa mchezaji wa kwanza wa raga ya 13 kupewa cheo cha Sir na Mfalme wa Uingereza.

38. Clive Sullivan, naye wa Cardiff, aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia la raga ya 13 mwaka 1972. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo mkubwa. Barabara kuu ya kuingia Hull inaitwa jina lake.

39. Papua New Guinea ina lugha zaidi ya 800, na raga ya wachezaji 13 ndiyo mchezo wa taifa. Nyanda zake za juu zinalima kahawa ya arabika kama Mbozi, na katikati ya kahawa hiyo upo mji wa Goroka, wenye timu yake, Lahanis, kwenye ligi ya taifa. Mwaka 1990, mjini Goroka, Papua New Guinea iliifunga Uingereza 20 kwa 18. Nchi iliyobuni mchezo ilipigwa na vijana wa mashamba ya kahawa!

40. Papua New Guinea sasa imepewa nafasi ya kuingiza timu kwenye NRL kuanzia mwaka 2028.

NA IYULA JE?

41. Ukipanga mambo haya yote pamoja, utaona sharti linalojirudia. Ligi zilizodumu zilimpa mtu wa kawaida namna ya kucheza bila kupoteza riziki yake. Huddersfield walimfidia mchimba makaa. Huko Kabras, zao la eneo lilidhamini timu. Vyuo vya Nairobi viliruhusu masomo na mazoezi yaende pamoja.

42. Sisi tunayo kahawa, vyama vya msingi vya ushirika, shule za sekondari na reli. Ratiba ya mashindano ikipangwa baada ya msimu wa kuchuma, hakuna kijana atakayelazimika kuchagua kati ya mpira na kikapu cha kahawa. Chama cha msingi kikitenga sehemu ndogo ya mapato kununua mipira na jezi, shule mbili zikikubaliana kukutana kila wiki mbili, hiyo tayari ni mbegu ya ligi. Raga ya saba haihitaji hata wachezaji 15, na kwa wanaoanza kuna ile ya kugusana bila kuangushana. Walimu wa michezo wa Mbozi, viongozi wa ushirika, mnaweza kulianza hili msimu huu. South Sydney walianza wakiwa klabu ya mtaa wa wafanyakazi, na Mean Machine ilikuwa timu ya wanafunzi katika msimu wake wa kwanza. Iyula nayo ina vijana wenye mbio, na wanastahili uwanja wenye ratiba.